Jagari wa Kitwe: mzee aliyebaki kusimulia muziki wa rock wa Zambia

Yeyote aliyetoka Lubumbashi kwa barabara kwenda Zambia anaijua njia hii: Kasumbalesa, halafu Chililabombwe, kisha Chingola, na mwishowe Kitwe. Wasafiri wengi huona malori yaliyobeba shaba, maduka na foleni ya forodha, basi. Lakini kunako miaka ya 1970, mji wa Kitwe ulijulikana kwa jambo lingine pia. Vijana wake walipiga rock kwa gitari za umeme, kwa sauti ya juu, mpaka usiku kupita. Orkestra iliyopendwa sana kati yao iliitwa WITCH. Leo, katika vijana watano wa kikosi chake kinachojulikana zaidi, amebaki mmoja tu: mwimbaji Emmanuel Chanda, ambaye mashabiki wanamwita Jagari.

Alizaliwa mwaka wa 1951. Amekuwa mwimbaji, kisha mwalimu wa muziki, kisha mchimbaji wa mawe ya thamani, na baada ya miaka mingi ya kusahauliwa amerudi kuwa mwimbaji tena, mbele ya vijana wa Ulaya na Marekani ambao wazazi wao wenyewe hawakuwahi kusikia jina lake. Katika maisha yake mtu anaweza kusoma historia ya rock ya Zambia, na pia historia ya shaba, ya vita vya jirani, na ya kizazi cha wanamuziki kilichokaribia kufutika kabisa.

Kijana wa mji wa shaba

Zambia ilipata uhuru tarehe 24 mwezi wa kumi mwaka wa 1964. Kama vile wakaaji wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi walivyoishi kwa kazi ya shaba, ndivyo walivyoishi pia wakaaji wa Kitwe, Ndola, Mufulira na Chingola. Shaba iliuzwa kwa bei nzuri. Wafanyakazi wa migodi walipata mshahara, na penye mshahara pana mahali pa kucheza muziki jioni ya siku ya posho.

Jagari alizaliwa Kasama, kaskazini mwa inchi, lakini alikulia Kitwe, mikononi mwa yaya yake. Huko ndipo masikio yake yalipofunguka. Migodi ilikuwa imeleta wazungu wengi, na wazungu hao walikuja na disiki zao. Radio nayo ilisaidia: kituo cha Lourenço Marques, mji ambao sasa unaitwa Maputo, kilisikika mbali sana kusini mwa Afrika, na kilipiga nyimbo mpya za Uingereza na Marekani. Vijana wa Kitwe waliwasikia Rolling Stones, Beatles, Jimi Hendrix na James Brown. Baadaye wakaja Deep Purple na Black Sabbath, wenye gitari nzito za kukwaruza.

Jina la Jagari lilitoka hapo. Emmanuel Chanda alikuwa akiruka na kucheza jukwaani kama Mick Jagger, mwimbaji wa Rolling Stones. Jina hilo la Kiingereza likapewa matamshi ya nyumbani: Jagger akawa Jagari. Limebaki naye mpaka uzee.

Wenzake nao walikuwa na majina ya jukwaani. Chris Mbewe, aliyeitwa Kims, alipiga gitari ya mbele. John Muma, aliyeitwa Music, alimsindikiza kwa gitari ya pili. Gedeon Mwamulenga, jina lake Giddy King, alishika besi, na Boidi Sinkala, aliyejiita Star MacBoyd, alikaa kwenye ngoma. Jina la orkestra, kwa Kiingereza, ni neno la mchawi, yule ambaye Katanga wanamwita mulozi. Lakini vijana hao walilipa maana yao wenyewe, wakaifanya kila herufi kuwa mwanzo wa neno. Kwa Kiswahili maana hiyo ingekuwa: tumekusudia kuleta fujo.

Agizo la Kaunda, na vijana wa upande huu

Wakati huo huo, ng'ambo ya mpaka, vijana wa Zaïre nao walikuwa wanabomoa na kujenga upya. Mwezi wa kumi na mbili mwaka wa 1969, Zaïko Langa Langa ilizaliwa Kinshasa. Vijana wake walikuwa wametoka shuleni. Waliacha tarumbeta za orkestra za wazee, wakaweka gitari na ngoma mbele. Mobutu akaleta siasa ya authenticité: majina, mavazi na nyimbo, vyote virudi kwenye mizizi.

Kenneth Kaunda, rais wa Zambia, ambaye mwenyewe alipenda kupiga gitari, alikuwa na wazo lililofanana na hilo. Aliagiza kwamba asilimia 95 ya muziki unaopigwa kwenye radio ya taifa uwe muziki wa Wazambia. Agizo hilo lingeweza kuua rock ya Kitwe, kwa sababu ilikuwa imeanza kwa kuiga nyimbo za wageni. Lakini lilileta matokeo mengine. Vijana waliokuwa wanarudia nyimbo za Hendrix walilazimika kutunga za kwao. Wakaendelea kutumia gitari zile zile zenye sauti ya kukwaruza, lakini ngoma zikaanza kufuata mapigo ya vijijini, na Kibemba na Kinyanja vikaingia kati ya maneno ya Kiingereza. Mchanganyiko huo ndio ulioitwa Zamrock.

Tofauti na Kinshasa ni kwamba Zambia haikuwa na viwanda vingi vya muziki. WITCH walirekodi albamu yao ya kwanza, *Introduction*, mwanzoni mwa miaka ya 1970, na inahesabiwa kuwa kati ya albamu za kwanza kabisa kuuzwa na orkestra ya Zambia. Disiki zenyewe zilichapwa mbali, Nairobi, katika inchi ya Kenya. Zilikuwa chache, na wanamuziki waliziuza wao wenyewe kwa watu waliokuja kuwatazama. Mwaka wa 1974 ikafuata *In the Past*, na mwaka wa 1975 *Lazy Bones!!*, ambayo wapenzi wengi wa rock wanaiona kuwa kazi yao bora. *Lukombo Vibes* ilitoka mwaka wa 1976, na *Including Janet* mwaka wa 1977.

Kwenye jukwaa ndipo WITCH walipopata jina. Walizunguka mji kwa mji, wakipiga kwa saa nyingi bila kupumzika, na kumbi zilijaa mpaka wengine kubaki nje. Masimulizi ya wakati ule yanasema kwamba polisi walilazimika mara nyingine kutumia gazi ya kutoa machozi ili kutuliza watu waliokuwa wanalazimisha kuingia.

Kila orkestra na hadithi yake

WITCH hawakuwa peke yao. Paul Ngozi, ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa Paul Nyirongo, aliongoza Ngozi Family. Msomaji wa Kiswahili anaposikia neno ngozi anafikiri mwili au viatu; kwa Kinyanja neno hilo ni hatari au ajali. Paul Ngozi alistahili jina lake. Alikuwa anapiga gitari kwa meno mbele ya watu, na nyimbo zake zilisema mambo ya kila siku ya mtaani: ndoa, ulevi, umaskini, fitina ya jirani. Alipendwa sana na watu wa kawaida kwa sababu aliimba kwa lugha waliyoongea nyumbani.

Rikki Ililonga naye alianzisha Musi-O-Tunya. Jina hilo ni la maporomoko makubwa ya Zambezi, ambayo kwenye ramani za wazungu yaliitwa Victoria. Maana yake ni moshi unaonguruma. Orkestra hiyo ilipitia Kenya pia, ikapiga muziki huko, na ndani ya nyimbo zake kuna ngoma na tarumbeta zaidi kuliko kwa WITCH. Baadaye Ililonga alihamia Denmark.

Kuna pia Amanaz, ambao albamu yao *Africa* ya mwaka wa 1975 ni ya taratibu na ya huzuni, tofauti na fujo ya WITCH. Jina lao ni herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza yenye maana ya: niulize juu ya wasanii wazuri wa Zambia. Kwa miaka zaidi ya 30 hakuna aliyeuliza.

Bei ya shaba inapoanguka

Mwanguko wa Zamrock haukuletwa na sababu moja. Ya kwanza inajulikana vizuri Katanga. Bei ya shaba kwenye soko la dunia ilianguka kati ya mwaka wa 1974 na 1975. Zambia, kama Zaïre, iliishi kwa kuuza shaba. Fedha za kigeni zilipopungua, nyuzi za gitari, vikuza sauti na disiki vikawa vitu vya shida. Mfanyakazi ambaye zamani alilipa tiketi ya kuingia ukumbini sasa alifikiria unga kwanza.

Ya pili ni vita. Zambia iliwapokea wapigania uhuru wa Rhodesia, inchi ambayo leo ni Zimbabwe, na jeshi la Rhodesia lilivuka mpaka kuja kushambulia kambi zao. Muziki wenyewe ulilipa gharama. Mwezi wa kumi mwaka wa 1978, Alick Nkhata, mwimbaji na mtangazaji wa radio aliyekuwa baba wa wanamuziki wengi wa Zambia, aliuawa katika shambulio moja la namna hiyo karibu na shamba lake, Mkushi. Taa zilizimwa usiku, na ikaja amri ya kutotembea baada ya saa fulani, ile ambayo wakaaji wa Goma na Beni wanaijua kwa jina la couvre-feu. Orkestra inayoishi kwa kupiga usiku haiwezi kuvumilia jambo hilo muda mrefu.

Halafu mitindo ikabadilika. Disko ikaingia, na mashine moja ya kupiga disiki ikachukua nafasi ya wanamuziki watano wanaohitaji chakula na usafiri. Kaseti za kunakiliwa zikajaa sokoni, na mtunzi hakupata kitu. Rumba ya Zaïre, ambayo haikuwahi kutoka katika baa za Zambia, ikazidi nguvu, na wenyeji wakarudi kwenye kalindula, muziki wa Luapula, jimbo linalopakana na Congo.

Jagari aliondoka WITCH kabla ya mambo kwisha kabisa. Alikwenda kusoma muziki katika Evelyn Hone College, Lusaka, akawa mwalimu. WITCH iliendelea bila yeye na wanamuziki wapya, kati yao mpiga kinanda Patrick Mwondela, ikageukia disko, na mwaka wa 1984 ikatoa albamu *Kuomboka*. Baada ya hapo, kimya.

Kimya hicho kilikuwa na sababu ya nne, nzito kuliko zote. UKIMWI uliingia Zambia katika miaka ya 1980, wakati hakuna dawa, na ulichukua wanamuziki wengi wa kizazi hicho. Paul Ngozi alifariki mwaka wa 1989, akiwa na miaka 40 hivi. Mbewe, Muma, Mwamulenga na Sinkala wa WITCH, wote wamekwisha kufariki. Wengi wao waliondoka kabla ya mtu yeyote kuja kuwauliza namna gani walitengeneza muziki ule, nani alitunga wimbo upi, na nani alipaswa kulipwa.

Kutoka shimoni kurudi jukwaani

Baada ya ualimu, Jagari aliingia katika kazi ambayo vijana wengi wa Kolwezi na Kamituga wanaielewa bila maelezo: kuchimba. Hakutafuta shaba wala dhahabu. Alitafuta mawe ya thamani, kwa matumaini ya kupata siku moja jiwe litakalobadilisha maisha. Ni mtu wa sala, mkristo aliyeokoka, na kwa miaka mingi waliomjua kazini hawakuwa na sababu ya kufikiri kwamba mchimbaji huyo aliwahi kujaza kumbi za miji yote ya shaba.

Lakini mbali sana, watu wanaokusanya disiki za zamani walikuwa wameanza kuzitafuta zile chache za WITCH, Amanaz na Ngozi Family. Disiki iliyouzwa Kitwe mlangoni pa ukumbi ikawa inanunuliwa Ulaya kwa fedha nyingi, na katika fedha hizo aliyeimba hakupata hata senti. Mmarekani Eothen Alapatt, anayeitwa Egon, mwenye nyumba ya disiki Now-Again huko Los Angeles, alichagua njia nyingine: kuwatafuta wenyewe waliokuwa bado hai, kupatana nao, kisha kuzitoa upya nyimbo zao. Kazi za WITCH zikarudi sokoni mwanzoni mwa miaka ya 2010. Mzambia Leonard Koloko, mtafiti wa historia ya muziki wa inchi yake, alifanya naye kazi ya kuandika kitabu juu ya Zamrock.

Kisha akaja Mwitaliano Gio Arlotta na kamera yake, akimtafuta Jagari. Alimkuta, wakasafiri pamoja, na filme yake juu ya WITCH ilitoka mwaka wa 2019. Kabla ya filme kwisha, jambo ambalo Jagari hangeweza kulitegemea lilikuwa limetokea: mwaka wa 2017 WITCH ilipanda tena jukwaani, Ulaya. Patrick Mwondela alirudi kwenye kinanda. Nafasi za waliofariki zilichukuliwa na vijana wazungu, kati yao Mholanzi Jacco Gardner kwenye besi, waliojifunza nyimbo hizo kwa kusikiliza disiki zilizochapwa kabla wao hawajazaliwa.

Mwaka wa 2023 ikatoka *Zango*, albamu mpya ya kwanza ya WITCH tangu ile ya 1984. Ilirekodiwa Lusaka, na ndani yake wanasikika waimbaji wawili wanawake wa Zambia, Theresa Ng'ambi na Hanna Tembo. Mwaka wa 2025 ikafuata *Sogolo*, neno la Kinyanja linalosema juu ya mambo yaliyo mbele. Mzee aliyekuwa anaulizwa juu ya zamani kila siku alichagua kuipa albamu jina la kesho.

Wengine wamerudi bila wao kuwepo. Mwaka wa 2024, mwimbaji wa rap wa Marekani Tyler, the Creator, alitumia kipande cha Ngozi Family katika wimbo wake *Noid*. Kijana wa Bukavu aliyeusikiliza kwenye simu yake alisikia gitari na sauti ya Paul Ngozi, mtu aliyekuwa kaburini tangu miaka 35.

Anayejua nani alipiga nini

Mpaka wa Kasumbalesa haujawahi kuzuia muziki. Jean-Bosco Mwenda wa Bayeke, mzaliwa wa Bunkeya, alirekodiwa Jadotville, ambayo leo ni Likasi, na Hugh Tracey mwaka wa 1952, na namna yake ya kupiga gitari kwa vidole ilisikilizwa na kuigwa mpaka Zambia na Kenya. Mwaka wa 1969 alialikwa kwenye tamasha la Newport, Marekani. Mwaka wa 1990 alifariki katika ajali ya gari, na ajali hiyo ilitokea Zambia. Nyimbo zake zimebaki kwa sababu kuna mtu aliyekuja na mashine akazirekodi, akaandika jina, mahali na mwaka.

Kwa rock ya Kitwe, kazi hiyo ilichelewa kwa miaka 40. Mikanda kadhaa ya asili ilipotea, na wanaotoa upya nyimbo hizo walilazimika mara nyingine kuzichukua kwenye disiki zilizokwaruzika. Kwa mambo mengine hakuna disiki ya kutegemea: nani alileta gitari ya kwanza, namna gani wimbo fulani ulitungwa ndani ya gari njiani kutoka Ndola, kwa nini Muma aliitwa Music. Mambo hayo yamo katika kichwa cha mtu.

Ndiyo sababu kazi ya Jagari jukwaani si ya kuimba tu. Kila anapopanda, anaongozana na wanamuziki wenye umri wa watoto na wajukuu wake, na ni yeye anayewarekebisha: hapa ngoma inachelewa, hapa gitari inajibu, hapa Giddy King alikuwa anafanya hivi. Ng'ambo ya mpaka, katika Katuba, Kenya na Kamalondo, wapo wazee waliopiga gitari miaka ile ile na ambao bado hawajaulizwa. Jagari aliulizwa akiwa na miaka 60 hivi, na kwa swali hilo moja orkestra nzima ilitoka kaburini.